Siku Walipofungua Kila Kitu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huchoka hata kama nimekaa kitako tangu asubuhi. Nimezaa na nimezika, nimelima pamba ya Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, mpaka vidole vikakakamaa, nimebeba mchele kichwani kutoka huko Kabambare hadi soko la Kasongo. Lakini siku hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko zote, na sehemu yake kubwa nilikuwa nimelala chali.

Jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba shangazi yako amejifungua. Ulilisema neno hilo haraka, kama mtu anayetema ganda la karanga, kisha mkaendelea na mazungumzo yenu ya nguo. Sikukukemea. Ninyi wa siku hizi mnasema "amejifungua" kwa sababu ndiyo adabu, mkiona kwamba "amezaa" ni neno la mbuzi. Sisi tulikuwa na sababu nyingine. Wazee waliotulea waliamini kweli kwamba mwenye mimba amefungwa, na siku yake ikifika lazima afunguke, yeye na kila kitu kinachomzunguka. Mimi ndivyo nilivyofundishwa asili ya neno hilo. Wenye vitabu wakija na habari nyingine, wasikilize na wao, sitagombana na mtu.

Ukitazama vizuri, maisha yetu yote yalikuwa ndani ya kufunga. Tulifunga mizigo, tulifunga Ramadhani, Bula Matari alitufunga gerezani tukichelewesha pamba, na kuoana tulisema ni kufunga ndoa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Kasongo alituambia kwamba akdi, yale maneno ya kuozesha, kwa Kiarabu ni fundo, fundo kama la kamba ya mzigo. Sisi wasichana tulicheka sana, tukaulizana nani atakuwa mzigo wa nani.

Fundo langu mimi lilifungwa na Alfonsi. Kwetu tulikuwa Wangwana wa mjini, watu wa msikiti na duka. Kwao walikuwa Wakristo wakulima, Wabangubangu wa njia ya Kabambare. Ili baba yangu akubali, Alfonsi alisilimu, akapewa jina la Idi. Jina hilo lilidumu hadi chakula cha harusi kilipoisha. Kijijini kwao kila mtu aliendelea kumwita Alfonsi, na Jumapili miguu ilimpeleka ilikozoea. Alikuwa mtu mwema, nami sikumfuatilia.

Siku ya harusi palitokea jambo dogo. Mimi nilikuja kulijua baadaye, ila nakuambia sasa ili usipotee. Mama yake Alfonsi, ambaye wote walimwita Mama Alfonsi, alikuja Kasongo kwa miguu akiwa amebeba kapu la nyama ya paa, imekaushwa kwa moshi taratibu, nyekundu, inanukia. Mume wake ndiye aliyemtega paa yule, akalala porini kumngoja. Kwao hiyo ni zawadi ya kumpa mtu unayemheshimu sana. Mama yangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nayo jikoni. Huko akauliza taratibu nani alimchinja mnyama huyu. Akajibiwa kwamba hakuchinjwa, alikutwa amekufa kwenye kitanzi.

Sasa wewe unajua, mwanangu, kwetu nyama ya namna hiyo hailiwi. Mama angetoka akasema hivyo, pangekuwa na aibu ya dakika chache, watu wangecheka, mambo yangekwisha. Lakini aliona haya kumwambia mgeni aliyetoka mbali, tena siku ya harusi. Aliipitisha nyama mlango wa nyuma, akawapa watu waliokuwa wakipasua kuni. Na Mama Alfonsi, akitafuta maji ya kunawa, akazunguka nyuma ya nyumba, akawakuta wapasua kuni wanatafuna paa wa mume wake na kucheka.

Alirudi, akakaa, akala wali wa watu, akaimba nyimbo zote za harusi. Tangu siku hiyo hakumsemesha mama yangu tena. Hawakugombana, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Walisalimiana kwa kupitia watu. "Mwambie mama yako habari ya siku nyingi." "Mwambie na yeye, salama tu." Mimi nilidhani ni mambo ya dini, au ya mji na shamba, nikanyamaza na kazi zangu.

Mimba yangu ya kwanza ilipokomaa, mama yangu alikuja kukaa nasi kijijini, kama inavyotakiwa. Mvua zilikuwa zimeikata barabara ya Kabambare, na Bula Matari alikuwa amechukua wanaume wote wenye nguvu kwenda kuitengeneza, Alfonsi akiwa mmoja wao. Kijiji kilibaki na wanawake, wazee na mbwa. Uchungu ulinianza jioni, na asubuhi ulinikuta palepale, mtoto hajasogea, mimi nimekwisha nguvu. Kila nikisema sasa, hakuna kitu.

Ndipo Mama Alfonsi alipoanza kufungua. Hiyo ilikuwa desturi yao, na hata kwetu bibi zetu waliifanya. Alinifumua nywele zote nilizosukwa. Alifungua mlango wa mbele na wa nyuma. Aliwaita wakwe wenzangu, wake za shemeji zangu, wakafungua mbuzi, wakafungua kuku waliofungwa miguu kwa ajili ya soko, wakalegeza mikeka iliyoviringishwa. Vikapu vya pamba, ambavyo Alfonsi alikuwa amevikaza vizuri kusubiri siku ya kununuliwa, vilifunguliwa kamba, pamba ikaumuka na kumwagika uani. Hata kanga za wanawake waliokuwemo zililegezwa, wakawa wanazishika kwa mkono. Mbuzi waliingia kwenye pamba. Mtu mwingine angecheka, na mimi mwenyewe nadhani nilicheka kidogo kati ya uchungu na uchungu.

Mama yangu alikuwa amekaa kichwani pangu, ananifuta jasho. Mambo yale hakuyapinga. Lakini jua lilipopanda kidogo alisema, bila kumtazama mtu, kwamba huyu apelekwe misheni. Kule kulikuwa na nyumba ya kuzalia, na sista aliyejua kazi. Afungiwe kipoyi, akasema, kile kiti cha kubebea cha miti miwili walichozoea kupandishwa wazungu, na sisi wanawake tumbebe.

Mama Alfonsi alijibu akiwatazama wakwe wenzangu. Alisema katika uwanja wake leo hapatafungwa kamba hata moja. Mtu anafunguliwa, na wengine wanataka kufunga. Kipoyi bila kamba hakipo, kwa hiyo kipoyi hakipo.

Mama yangu akanyamaza. Angeweza kusihi, angeweza kumshika miguu, angeweza kulia. Aliniambia baadaye kwamba alijiona mgeni asiyetakiwa, akaona akisema zaidi atachukiwa zaidi. Na Mama Alfonsi naye aliniambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba kama maneno yaleyale yangetoka kwa jirani yeyote angeyakubali. Yeye mwenyewe aliona kwamba nakwisha. Alikataa kwa sababu ya kinywa kilichosema. Basi mmoja akanyamaza huku, mwingine akafungua vitu huku, na jua likazidi kupanda juu ya nyumba.

Nilikuwa nasikia kila kitu. Mtu aliye katika hali hiyo watu hudhani hasikii. Nilitaka kusema nibebeni, sauti haikutoka.

Aliyekuja kutuokoa, kama ni kuokoa, alikuwa Bibi Feza, mkunga mzee wa kabila la Wazimba aliyeitwa tangu alfajiri kutoka kijiji kingine. Alifika jua likiwa utosini, amechoka, mguu mmoja umevimba. Aliingia, akanawa, akanipapasa tumbo kwa muda mrefu. Akasema mtoto amelala kwa upande, na yeye kwa mikono yake hawezi. Kisha akatoka nje akaona mbuzi kwenye pamba, akaona kuku wanazurura, akawaona wale mama wawili, kila mmoja na upande wake wa uwanja. Akauliza kwa nini sijapelekwa misheni. Mke wa shemeji yangu, binti mdogo asiyeogopa mtu, ndiye aliyemweleza habari ya kamba.

Bibi Feza alikaa chini pale mlangoni kabla ya kusema. Hakupaza sauti. Alikuwa mtu aliyekwisha kuona mengi kuliko alivyotaka.

"Munafungua mbuzi, munafungua kuku, munafungua mpaka mikeka," alisema. "Hivi vyote havina kosa. Wale wazee walipotuambia tufungue, walianza na vinywa. Kamba ilikuja nyuma. Ni nani hapa iko na kitu moyoni?"

Mama yangu akasema yeye hana kitu. Mama Alfonsi akasema yeye pia hana kitu.

"Hamuna kitu," Bibi Feza akasema, "lakini mutoto wa watu anakufa katikati yenu. Haya, fungeni kipoyi. Mukaze kamba sana, huyu asituangukie njiani. Kamba haimuzuii mutoto. Nyinyi ndio munamuzuia."

Nimekemewa na watu wengi maishani, mwanangu, na hayo hayakusemwa kwangu, lakini sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Mama Alfonsi aliinama, akaokota kamba zilezile alizozifungua kwenye vikapu vya pamba, akaanza kufunga miti. Alifunga vizuri, kwa nguvu. Nilisikia jinsi alivyokuwa akizivuta.

Kubeba kipoyi ni kazi ya wanaume, na wanaume hawakuwepo. Mama zangu wawili walishika mbele, wakwe wenzangu wawili wakashika nyuma, Bibi Feza akafuata kwa mguu wake ule. Sasa mama yangu alikuwa mfupi, na Mama Alfonsi alikuwa mrefu kama wanaume wa kwao, kwa hiyo kipoyi kililala upande, nami nikawa nateleza. Watu wawili wakibeba hivyo hawawezi kununiana. Lazima mmoja aseme polepole, lazima mwingine aseme ngoja nibadilishe bega. Njia ilikuwa imelimwa na mvua. Tulipofika mahali pabaya, Mama Alfonsi alisema, "Shimo." Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mama yangu tangu harusi.

Mama akajibu, "Nimeliona."

Walikwenda hivyo kwa muda. Shimo. Jiwe. Maji hapa. Nilikuwa nikitazama mawingu na migongo yao imelowa jasho. Kisha, tukipanda kilima, pale ambapo mtu mwenye akili angetunza pumzi yake, Mama Alfonsi alisema bila kugeuka:

"Mama Zaina, ile nyama yetu mulipatia watu wa kuni."

Zaina ni mimi. Mama yangu alibadilisha bega.

"Ule munyama alifia mutegoni," akasema. "Sisi hatuwezi kumula. Niliona haya kukuambia, wewe mugeni wangu, umetembea mbali na kapu kichwani."

"Ungeniambia tu. Ningeleta kuku muzima, muchinje wenyewe."

Mama yangu akaanza kulia akiwa bado amebeba. Kipoyi kikatikisika. Mama Alfonsi akamwambia aangalie mguu, kuna mzizi, na sauti yake haikuwa ile ya zamani. Hivyo tu. Muda wote ule, na jambo lenyewe liliisha kabla hatujafika juu ya kilima. Ningekuwa na nguvu ningewapiga wote wawili.

Chini ya kilima, upande wa pili, tuliwakuta wanaume wa barabarani. Alfonsi alitutambua kutoka mbali, akatupa jembe, akaja mbio. Kapita aliyewasimamia alitazama upande mwingine, Mungu ambariki kwa hilo. Alfonsi alitaka kuchukua nafasi ya mama yake, mama yake akakataa, basi akachukua ya mama yangu, na mama yangu akatembea pembeni ameishika kamba ya kipoyi kana kwamba naye anabeba. Tulifika misheni jua likianza kulala.

Sista alifanya kazi yake. Sitakueleza, wewe bado mdogo, na mimi nimechoka kuikumbuka. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi na kucha zilizokamilika, na hakupumua. Mimi nilibaki.

Mama yangu alimuuliza sista kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Sista alikuwa na Kiswahili kidogo, na hakuwa mtu wa kuficha. "Asubuhi, mama," alisema. "Labda asubuhi." Alisema labda, hakuapa. Bibi Feza naye alisema labda. Neno hilo limekaa nami tangu siku hiyo. Wale mama wawili walikwenda kukaa nje ukutani, bega kwa bega, na hakuna aliyemwambia mwenzake wewe ndiye. Wote wawili walijua kilichosemwa asubuhi ile, na kwa nini kilikataliwa.

Mtoto asiyepumua alizikwa na wanawake. Mimi nilikuwa kitandani, Alfonsi, aliyesimama kando akiwatazama, ndiye aliyenisimulia, mara moja tu. Mama yangu alichana kitambaa cheupe alichokuwa amekileta kwa ajili ya kumpokelea mtoto, akamviringishia, akakifunga kichwani, katikati na miguuni, kama tunavyofanya kwetu. Na kwetu, kabla udongo haujarudishwa, mafundo yale hufunguliwa, maiti asilale amefungwa. Mama alipoinama kuyafungua, Mama Alfonsi alimgusa mkono.

"Mama Zaina, uniache mimi," alisema.

Akapiga magoti kwenye udongo, yeye ambaye hakuijua desturi hiyo, akafungua la kwanza, akafungua la pili. La tatu lilimshinda, maana mama yangu alikuwa amelikaza huku akilia. Mama akashuka karibu naye. Alfonsi alisema walilifungua pamoja, mikono yao minne kwenye kitambaa kidogo kile, na ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyewaharakisha.

Baada ya hapo walipendana, hao wawili. Mama Alfonsi alikuwa akija Kasongo na kuku wazima, miguu imefungwa, wanapiga kelele tangu mwanzo wa mtaa, na mama yangu akitoka kumpokea kwa kicheko. Watu waliwasifu kwa mapatano yao. Mimi niliwatazama, nikawapenda wote, na sikuacha kufikiri kwamba mapatano hayo yalinunuliwa kwa bei yangu.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sina pumzi ya kusema mara mbili. Mtu akikuletea kitu usichoweza kukipokea, mwambie hapohapo, kwa upole, machoni. Aibu yake itaisha kabla chakula hakijapoa. Mtu akikuumiza, mwambie umeniumiza, usiende kuimba nyimbo za harusi na huku moyo wako umekazwa. Na ukisikia neno la maana kutoka kwa mtu usiyempenda, lichukue upesi, maana shida ikikufika haitakuchagulia atakayekushauri. Usinionyeshe mbuzi uliowafungua. Kufungua vitu ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kama kuna mtu mnayesalimiana kwa kupitia watu, inuka sasa hivi uende kwake, ukiwa hujabeba mtu mgonjwa begani. Mimi nitakungoja hapa, chakula nitakuwekea.

Nenda, Mungu akulainishie ulimi. Akupe wakwe wanaosema na majirani wanaojibu. Siku yako itakapofika ujifungue asubuhi mapema, mtoto alie kwa sauti mpaka atukere sote, na wanaokupenda wawe wamekwisha kusemezana kabla hujaanza kuumwa.